Neno Lililopatikana

Meneja aliniambia niandike "mlinzi", nami nikaandika. Hakunishika mkono wala hakunitisha. Nilikuwa karani wa hoteli moja ya kitalii juu ya Karatu, upande unaotazama mashamba ya kahawa ya Oldeani, na mbele ya meza yangu alikuwa amekaa mwanajeshi mstaafu aliyekuja kuomba kazi. Kwenye fomu palikuwa na mstari mfupi wa kujaza kazi aliyoifanya mwombaji kabla ya kuja kwetu. Nikamwuliza alikuwa anafanya nini jeshini.

"Kutangulia," akasema.

"Kutangulia wapi, Afande?"

"Popote. Kikosi kikitaka kwenda mahali kufanya mazoezi, mimi natangulia mwezi, miezi miwili. Nakaa na watu. Najua maji yako wapi, njia ipi inapitika mvua ikinyesha, mzee gani anasalimiwa kwanza, ng'ombe wanalala wapi. Naandika taarifa, kisha wenzangu wanakuja. Nimeifanya hiyo miaka ishirini na kitu, kuanzia Soitsambu mpaka ziwani Eyasi. Andika mtangulizi."

Nilicheka. Nikamweleza, kama mtu aliyemaliza kidato cha nne anavyopenda kueleza, kwamba mtangulizi ni yule aliyeshika ofisi kabla yako. Ukiandika hivyo watu watauliza ulimtangulia nani.

"Basi tafuta neno," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nikaenda kwa meneja, chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao. Wakati huo hoteli ilikuwa inatafuta mkuu wa waongoza watalii. Nilimsimulia meneja yote niliyoyasikia. Akatikisa kichwa.

"Mwanajeshi ataogopesha wageni. Andika mlinzi, akae getini. Na ile nafasi ya ukuu, wewe una kidato cha nne na Kiingereza chako kizuri. Utaiweza."

Nilijua palepale kwamba mtu wa nafasi ile alikuwa amekaa upande wa pili wa mbao. Nilijua vilevile kwamba mimi msitu ule wa Ngorongoro nilikuwa nimeupita mara tatu tu, na zote nikiwa ndani ya basi. Nikarudi, nikakaa, nikaandika. Alipogeuziwa fomu aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Karani," akasema, "ndilo neno lililopatikana?"

"Ndilo lililopatikana, Afande."

Akatia sahihi.

Jina lake sitalitaja, na huko Karatu wachache wanalijua. Tulimwita Afande. Kwetu kila aliyevaa sare ni afande, awe mkuu wa kikosi au mzee anayelinda duka la mbolea, kwa hiyo neno hilo lilimheshimu na kumficha kwa pamoja. Alikozaliwa sikuwahi kumwuliza. Mtu akimwuliza kabila lake alijibu kwa lugha ya aliyeuliza, na muulizaji akaondoka ameridhika. Wambulu wenzangu wa Endamarariek waliapa ni mwenzetu kwa mama. Wamasai wa Nainokanoka walimhesabu katika rika lao.

Alikuwa mfupi, mwenye hatua fupi zisizobadilika, mlimani na tambarare. Shati lake lilipigwa pasi hata siku ya kulima. Hakuwa na sauti ya kijeshi hata kidogo. Aliongea chini chini, mpaka ulazimike kumsogelea, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa hila yake. Kanisani alisimama upande wa besi na kuimba vibaya kwa moyo wote. Mwalimu wa kwaya alimwambia mara kadhaa, kwa adabu, kwamba kwaya inahitaji pia watu wa kupanga viti. Afande alipanga viti, kisha akarudi kwenye besi.

Mtu huyu aliyeweza kuvuka nyanda za juu ndani ya ukungu alikuwa akipotea mjini. Siwatanii. Siku ya mnada Karatu nilimkuta amesimama kati ya mitumba na mbuzi, macho yamemtoka.

"Karani, stendi iko wapi?"

"Iko nyuma yako, Afande."

"Jana palikuwa na kibanda cha bluu hapa."

"Wamekivunja."

"Basi wangetangaza," akasema kwa hasira ya kweli. Mjini, alisema, vitu havina mizizi. Mlima hauhamishwi na mtu wa halmashauri.

Alivumilia sana wafugaji. Aliweza kukaa kwenye boma saa nne akisubiri neno moja. Lakini kijana akichelewa getini dakika tano, hakumsemesha siku nzima. Vita hakuvisimulia. Ukimbana sana alikuambia habari za mwanamke wa Endulen aliyemfundisha kujua kwa harufu maziwa yametoka kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa moto wa mti gani, na akasema hayo ndiyo mafunzo magumu kuliko yote aliyopewa akiwa na sare.

Getini alipewa daftari la kuandika namba za magari. Baada ya wiki mbili nililichukua kulikagua, maana sasa nilikuwa mkuu, na wakuu hukagua. Namba zilikuwepo. Pembeni ya kila namba aliandika pia alichoambiwa na dereva: korongo la njia ya Mang'ola limejaa, ng'ombe wengi wamehamia upande wa Olmoti, bibi anayeuza ndizi kwenye kona amelazwa, msalimieni. Nikamwuliza nani kamtuma.

"Geti ni mahali pazuri," akasema. "Kila anayekwenda anapita, kila anayerudi anapita. Ningekuwa na geti kama hili jeshini, nisingechakaza viatu."

Madereva wakaanza kusimama kwake kabla ya kuja ofisini kwangu. Baadaye wakaacha kuja ofisini. Wale vijana waongoza watalii, ambao mitaani kwetu huitwa magaidi kwa kulikaribisha vibaya neno la Kiingereza "guide", walimzunguka kila asubuhi wakinywa chai ya vikombe vya plastiki. Aliwachekesha kwa hilo jina. "Jeshini nilifundishwa kuwatafuta magaidi. Uraiani nimewapata wote, na wanataka sukari zaidi."

Hapo ndipo alipowapa yale maneno matano: maji, njia, watu, mifugo, hewa. Ilikuwa taarifa yake ya jeshini, kaipunguza. Kila mwongozaji kabla ya kutoka na wageni alitakiwa kusema sentensi moja kwa kila neno. Asiyejua akae chini, akaulize. Kijana mmoja alimwuliza jeshini maneno yalikuwa mangapi.

"Sita."

"La sita lilikuwa lipi, Afande?"

"Adui. Nimeliacha kambini pamoja na buti. Huku kila mtu ni mwenyeji, mgeni ni mimi na wewe. Ukiliingiza neno lile kwenye kazi hii, utaona adui mpaka kwenye mbuzi."

Leo ukisimama asubuhi kwenye maegesho ya hoteli nyingi za Karatu utasikia vijana wasiowahi kumwona wakisema: maji, njia, watu, mifugo, hewa. Wengine wanadhani ni mafundisho ya chuo. Mimi nikisikia hujiinua kidogo, kama mtu aliyesikia jina la ndugu yake likisomwa kanisani.

Kosa moja hakulisamehe haraka. Mgeni alikuwa amemwuliza mwongozaji wetu kundi lile lina ng'ombe wangapi, na mwongozaji, akitaka kupendeza, akanyoosha kidole na kuanza kuhesabu kwa sauti mbele ya mwenye ng'ombe. Kwa Wamasai kuhesabu mifugo hivyo ni kuwakaribisha fisi waje kuila. Mzee wa boma aliingia ndani, na hoteli yetu ikakatazwa kufika tena pale. Malalamiko yalikuja kwangu. Mimi nilikuwa tayari kuandika barua ya kuomba radhi, yenye muhuri.

"Barua atasoma nani?" Afande akaniuliza. Akamchukua kijana, wakaenda kwa miguu, wakakaa huko siku mbili wakisaidia kurudisha ua wa miiba. Siku ya tatu mzee akawauliza chai wanaipenda na maziwa mengi au machache. Yakaisha. Kijana alirudi viganja vimechanika, na kwa miaka yote iliyofuata hakunyoosha kidole hata kuonyesha mlima.

"Sasa, Afande," nikamwuliza, "jeshini ulikuwa huandiki idadi?"

"Niliandika. Lakini sikuhesabu ng'ombe. Niliuliza ugali wa wachungaji unapikwa kwenye sufuria ya ukubwa gani; ukijua walaji, umelijua kundi."

Lililonichoma zaidi lilitokea msimu wa ukungu. Gari letu, lenye dereva mgeni kutoka Arusha na watalii wawili wazee, liliacha barabara mahali fulani kupita Nainokanoka, likafuata njia ya ng'ombe, na ukungu ukafunga. Dereva alipiga simu ya upepo ofisini. Nilikuwa na ramani kubwa ukutani. Nikamwuliza, "Mko wapi?"

"Mzee, tungejua tusingekupigia."

Nikamwuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Sikuwa na swali jingine. Mmoja wa wageni alikuwa na ugonjwa wa kifua, na dereva alisema ameanza kutetemeka. Vijana wakakimbia getini. Afande aliingia, akavua kofia, akachukua ile simu mkononi mwangu bila kunisukuma.

"Dereva, shikamoo nitaipokea baadaye. Mara ya mwisho kusikia kengele za ng'ombe ilikuwa upande gani, wa dereva au wa abiria? Umande uko kwenye majani au umeanza kudondoka? Udongo kwenye tairi mwekundu au mweusi?"

Dereva akajibu. Afande akafumba macho kidogo. Kisha akampigia simu mama mmoja wa Bulati anayeuza chai, ambaye walijuana tangu siku za jeshi. Wakaanza kusalimiana kwa Kimasai. Aliuliza ndama, mvua, mguu wa mumewe, binti aliyeolewa Sanya. Mimi nilikuwa nasimama na kukaa. Nilitamani kumnyang'anya simu. Mwishoni kabisa akasema sentensi moja, fupi, na kukata.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia gari liko bondeni chini ya pale ng'ombe wanapolamba magadi. Mumewe anakwenda."

"Na salamu zote zile, wakati mtu anakufa?"

"Karani, bila salamu zile ningekuwa mtu wa hoteli anayeagiza. Nani anatoka kwenye ukungu kwa sababu ya mtu wa hoteli?"

Haikupita saa moja, gari likaonekana. Wageni wale waliandika barua nzuri ya shukrani kwa mkuu wa waongoza watalii. Meneja akaisoma mbele ya wafanyakazi, watu wakapiga makofi, na mimi nikasimama. Afande alipiga makofi pamoja nao, karibu na mlango. Ningeweza kusema neno moja tu pale. Nilisema asanteni. Barua ikatundikwa ukutani juu ya kiti changu, na mpaka nilipostaafu nilikaa chini yake.

Mwaka uliofuata, tukiwa wote tuna likizo, alinijia nyumbani. Alikuwa na fimbo mbili, moja yake, moja mpya.

"Karani, twende siku nne. Nainokanoka, Bulati, tushuke mpaka kwenye maji ya Empakaai, lile ziwa la ndani ya kreta, kisha tupite Nayobi tuteremke Engaresero. Wewe ni mkuu wa waongozaji, lazima uijue nchi. Nitakuonyesha kila kisima. Nitakutambulisha kwa watu."

Fimbo ile mpya ilikuwa ya mti mgumu wa mloliondo, kaisugua kwa mafuta. Ilikuwa imekatwa kwa urefu wangu. Alikuwa amenipima kwa macho. Nikamwambia mbaazi ziko shambani. Zilikuwa zimevunwa, na magunia alikuwa ameyapita mlangoni. Sababu yangu ilikuwa hii: siku nne ni nyingi kutembea nyuma ya mtu uliyemwibia kazi. Niliogopa siku ya pili angegeuka aniulize swali. Akaacha fimbo imeegemea ukuta, akaenda na mwongozaji mwingine. Kila mwaka alikwenda na mmoja. Wale waliokwenda naye ndio leo wanaoongoza misafara mikubwa ya nchi hii, na mmoja ana kampuni yake. Ukimwuliza cheti chake cha kwanza atakuambia, "Siku nne na Afande."

Meneja yule aliondoka, akaja mwingine, mwanamke asiyependa kukaa ofisini. Wiki ya kwanza aliniuliza kwa nini waongozaji wote wanaripoti getini. Nikamjibu kwamba ni mazoea. Akaenda kukaa getini siku nzima kwenye kiti cha plastiki, na jioni akatoa agizo kwamba kuanzia sasa Afande awafundishe waongozaji rasmi, asubuhi tatu kwa wiki, na geti apewe mtu mwingine. Kwenye jalada lake, hata hivyo, neno halikubadilishwa. Majalada yalikuwa kwangu.

Nilistaafu, naye akastaafu. Nikarudi Endamarariek kwenye mahindi na mbaazi, goti la kulia likaniacha, likafuatiwa na la kushoto. Yeye alibaki kwenye nyumba yake ndogo njia ya Oldeani. Tulionana kanisani, tukasalimiana vizuri. Yeye hakuacha kuniita Karani, hata miaka ile kila mtu aliponiita Mkuu.

Mwezi uliopita mmoja wa vijana wetu waongozaji wa zamani alinijia na ujumbe. Chuo kinachofundisha waongoza watalii hapo mjini kilitaka kumwajiri Afande afundishe somo lenye jina refu, ambalo maana yake ni yale maneno matano. Walikuwa wameomba jalada lake hotelini. Jalada lilisema mlinzi, mwanzo hadi mwisho, na bodi yao ikasema haiwezi kumpa mlinzi darasa. Ilitakiwa barua ya mkuu wa waongozaji wa wakati ule, ieleze kazi aliyoifanya. Isipofika kabla ya muhula kuanza, nafasi itachukuliwa na mwenye digrii.

"Yeye kakutuma?" nikauliza.

"Hapana, Mzee. Alisema usisumbuliwe."

Nilikaa na karatasi tangu asubuhi hadi ng'ombe waliporudi. Njia rahisi ilikuwepo: kuandika kwamba kulitokea kosa la ofisi. Nilikwisha kuiandika hivyo mara mbili. Ya tatu ikawa fupi kuliko zote.

Niliipeleka mwenyewe, kwa bodaboda, nimeshika fimbo ile ya mloliondo ambayo sasa naitumia kweli. Mkewe alituletea chai nje, akampa mumewe miwani yake na kurudi kwenye kahawa aliyokuwa anaianika. Afande akaisoma barua kidole kikifuata mstari, kama siku ile.

Niliandika kwamba nilikaa kwenye kiti cha mkuu wa waongoza watalii kwa miaka kumi na moja, na kazi ya kiti hicho ilifanywa na mtu aliyekuwa getini. Niliandika kwamba neno mlinzi niliandika mimi, kwa sababu nilitaka kiti. Na mwisho: neno sahihi alinipa yeye mwenyewe siku ya kwanza. Ni mtangulizi. Ingawa hakuwahi kukikalia kiti kile, alikuwa mtangulizi wangu.

Kidole kikatua. "Hapa, 'nilitaka kiti'. Ondoa. Taarifa haina maungamo."

"Hiyo ndiyo njia, Afande. Maji, njia, watu. Iache."

Alicheka mpaka miwani ikashuka. Kisha akaikunja barua mara mbili, kwa kingo zilizolingana.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Ukuta ule ulikuwa wa mbao, Karani. Mtangulizi asiyesikia kupitia ubao ni mtangulizi gani?"

"Na ukatia sahihi?"

"Nilihitaji kazi, na geti lilikuwa kazi. Nikasema huyu karani atachoka kulibeba lile neno, atalitua mwenyewe. Nikakuchongea na fimbo ya kukusaidia." Akaitazama fimbo. "Sikujua una mgongo mgumu hivyo."

Ng'ambo ya mashamba, mlima Oldeani ulikuwa umefunguka, hauna wingu. Nikamwuliza kama ile safari ya siku nne bado ipo.

Aliyatazama magoti yangu kwa makini, kama anavyotazama korongo kabla ya kusema linapitika. "Safari ipo," akasema. "Wewe ndiye hupitiki tena." Akanimiminia chai nyingine, akaanza kunisimulia visima, kimoja kimoja, kwa majina. Nilisikiliza mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia.

Alipata darasa. Nimeambiwa wanafunzi humsogelea mpaka viti vya nyuma hubaki vitupu.

Wapo watakaosema basi hakuna aliyeumia. Mimi nitaandika kilichotokea. Neno lile lilinipa cheo, na likaninyima siku nne za kutembea na mtu aliyeijua nchi yangu kuliko mimi, wakati bado nilikuwa na miguu. Nimezaliwa Endamarariek, nitazikwa Endamarariek, miaka kumi na moja nimekuwa mkuu wa waongoza watalii, na maji ya Empakaai sijawahi kuyaona.